Namba ya Mlima Mbeya

Naam, ndugu wasomaji, najua nimekuwa kimya sana. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama ninaumwa. Siumwi. Kuna jambo lilinikuta mwaka jana na kila nikikaa kuliandika nalisogeza kesho. Leo naliandika. Linahusu kuchagua namba za treni za mfano. Msicheke kwanza.

Nilikuwa Manchester kwa kozi fupi ya uandishi wa habari. Baridi ya huko haikunitisha, maana mtu aliyekulia Igowole, akakanyaga umande ulioganda wa mwezi wa saba akienda shule, huwezi kumtisha na baridi ya Waingereza. Kilichonishangaza kilikuwa darini kwa mwenye nyumba wangu. Huyu mzee alifanya kazi Nairobi kwenye Reli ya Afrika Mashariki miaka ya 1960, akiwa kijana, na Kiswahili anacho mpaka leo, ingawa cha kuchechemea kidogo.

Darini kwake reli inazunguka chumba kizima. Juu yake kuna vichwa vya treni vya mfano, na si vya Ulaya, ni vya kwetu: Garratt za daraja la 59. Kwa asiyezijua, hizi zilitengenezwa na kiwanda cha Beyer Peacock, hapo hapo Manchester, eneo la Gorton, mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250, na kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Zilipewa namba 5901 hadi 5934 na majina ya milima ya Afrika Mashariki. 5901 ni Mlima Kenya. 5928 ni Kilimanjaro. Mbili zimebaki Nairobi hadi leo, 5918 Gelai na 5930 Shengena.

Nikainama kusoma vibao vya zile mbili alizokuwa amezimaliza karibuni. 5916: Rungwe. 5920: Mbeya.

Jamani! Milima yetu ya Nyanda za Juu Kusini ilikuwa ikipanda na kushuka kati ya Mombasa na Nairobi, wakati huku kwenye milima yenyewe hakukuwa na reli hata moja. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Treni yangu ya kwanza niliiona Makambako nikiwa nimeshika mkono wa baba, na ilikuwa ya dizeli, haikuwa na jina la mlima wowote.

Mzee akaniambia: "Kijana, wewe mtu wa huko. Chagua namba."

Hapa nieleze kidogo. Treni za mfano za zamani ukiongeza umeme relini, kila kichwa kilichopo kinaondoka. Mfumo wa kidijitali ni tofauti. Umeme upo relini muda wote, na amri zinasafiri ndani ya umeme huo huo. Kila kichwa kina kidude tumboni kinachoitwa dikoda. Dikoda inasikia amri zote lakini inatii ile tu yenye anwani yake, na anwani hiyo ni namba. Zikitoka kiwandani, zote zina namba 3. Kwa hiyo usipobadilisha, ukiita 3 wanaitika wote, kama darasa zima la watoto wanaoitwa Juma.

Anwani fupi zinaishia 127, na rimoti nyingine zinaishia 99. Ndefu zinafika 9999. Wengi hutumia tarakimu mbili za mwisho za namba iliyoandikwa ubavuni, ili wasisahau. Rungwe 16, Mbeya 20. Mzee alitaka hivyo, maana vidole vyake vinatetemeka na kubonyeza mara mbili ni rahisi kuliko mara nne.

Nilikuwa nimeshakubali, mpaka nilipoona kichwa kingine mwisho wa rafu, namba 6016. Daraja la 60 lilikuwa na vichwa 29, navyo vilipewa majina ya magavana wa kikoloni, majina yaliyoondolewa baada ya uhuru. Sasa fikiria: unamwita Rungwe, anaitika na gavana!

Nikamwambia, "Mzee, tuandike namba nzima." Akanung'unika. Nikang'ang'ania, na sababu yangu haikuwa treni.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jina letu kwetu ni la kawaida mno. Alipostaafu, ofisi moja ambayo sitaitaja ilichanganya cheki namba yake na ya mwalimu mwingine mwenye majina yale yale matatu, wa wilaya nyingine. Mafao yake yalikwama miezi 14. Kila mwezi alipanda basi na bahasha ya vielelezo, akarudi nayo. Mdogo wangu alikosa mwaka mzima wa chuo. Nilimlaani yule karani ambaye sijawahi hata kumwona sura.

Basi mzee akakubali namba nzima. Kuna kipande cha reli cha pembeni cha kuandikia anwani. Pale amri haitaji namba yoyote, maana ndiyo kwanza unaipa. Chochote kilichopo juu ya kipande hicho kinaandikwa. Nikaandika Rungwe 5916. Kisha nikaweka Mbeya, nikaandika 5920. Nikajisifu.

Nilisahau kumtoa Rungwe.

Tulipovipeleka kwenye reli kubwa, vikiwa vimetazamana, mzee akabonyeza tarakimu zake nne taratibu: 5, 9, 2, 0. Milima yote miwili ikaondoka, ikagongana uso kwa uso. Kikono kimoja chembamba cha Mbeya kikavunjika. Kazi yake ya majuma kadhaa.

Hakunigombeza. Alikiokota, akakitazama, akasema: "Namba mzuri. Karani mbaya."

Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Nilikuwa nimefanya kitu kile kile, wasomaji. Namba zilikuwa sahihi, kila moja ya peke yake. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeacha wawili mezani nikaandika kama yuko mmoja. Na sikuwa na nia mbaya hata chembe.

Tukamrudisha Rungwe peke yake kwenye kile kipande, nikaandika upya 5916. Tukajaribu tena. Mbeya akaondoka, Rungwe akatulia.

Jioni nikampigia baba. Shikamoo, marahaba, habari za mahindi. Nikamsimulia yote, nikamwambia labda yule karani naye alisahau tu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Wewe kosa lako ulilirekebisha kwa muda gani?"

"Dakika mbili, baba."

Akanyamaza kidogo.

"Mimi miezi 14," akasema. "Na kila mwezi nilikuwa nawaambia wako wawili mezani."