Oda za Idi na Dozi ya Kwanza

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kabla hata hajafungua faili kaniuliza: "Mwanangu, unafanya kazi gani?" Fundi cherehani, daktari. Akaandika, akapiga mstari chini yake. Kule nilikoanzia hakuna aliyeuliza. Kule ilikuwa titi linatoka wiki ijayo, weka saini hapa, mwingine aingie.

Leo Ocean Road, hospitali ya saratani, nimekaa na mtu mpaka wenzangu nje wakaanza kuchungulia mlangoni. Majibu ya kinyama kanisomea mstari kwa mstari. Uvimbe sentimita 4. Tezi za kwapani zinatia shaka. Vipokezi vya homoni vipo, tena vingi, na hilo ni jema, kwa sababu huko mbele kuna kidonge cha kuvifunga. Tamoksifeni. Kila siku, miaka 5, pengine zaidi.

Halafu HER2, kipokezi kingine cha seli za saratani. Inapewa alama: 0 na 1 ni hapana, 3 ni ndiyo. Mimi nimepata 2. Maana yake haijulikani, kinyama kirudi maabara kipimwe kwa njia nyingine. Ee Mola, hata hapo? Nilitaka neno moja tu leo, liwe lolote.

Nimefuturu kwa maji na tende mbili. Chakula hakipandi.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkubwa kaja na majani ya mstafeli, mfuko mzima. Nichemshe, ninywe asubuhi na usiku. Kayachuma mwenyewe Mkuranga, kapanda daladala nayo, na goti lake lile. Ningemwambia nini? Nimepokea, nimemshika mkono. Daktari alisema nimpelekee kila ninachokunywa. Basi nayo yatakwenda.

Kazini wateja wamepanga mstari. Madira ya lesi, kanzu za watoto, gauni la bibi harusi wa Mfungo Mosi. Wote "fundi, kabla ya Idi". Nawaitikia.

Alhamisi, 6 Machi

Nina mengi, niandike kabla sijasahau.

Eko ya moyo: unasukuma vizuri, asilimia 62. Dawa nyekundu ya dripu za mwanzo inaweza kuuchosha moyo, na dawa ya HER2, kama nitaihitaji, nayo vilevile. Ndiyo maana wanapima kwanza, wajue tulianzia wapi.

Majani: daktari hakucheka. Alichukua moja akalifikicha, akanusa. Dawa za dripu zinapita kwenye ini, akasema, na sitaki kitu kingine kinachogombania njia humo. Tuyaweke kando mpaka dripu ziishe. "Na mama mkubwa mpe salamu zangu, mwambie nimeyaona." Nikasikia koo linabana.

Dripu kwanza, kisu baadaye. Uvimbe ukinywea, huenda wakatoa uvimbe peke yake, titi likabaki, kisha mionzi. Huenda. Hakuniahidi, nami nimependa kwamba hakuniahidi.

Nikamwomba tuanze baada ya Idi. Akakataa. Mwezi mzima ni mwingi. Lakini hakuishia hapo, alivuta kalenda ya ukutani akaiweka mezani baina yetu. Seli nyeupe huwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, hizo ndizo siku za kukaa mbali na watu. Baada ya hapo mwili unapanda. Dripu ya pili ni siku ya 21. Basi tukahesabu wote wawili, kidole chake na kidole changu: tukianza tarehe 13, siku mbaya zinaisha 27. Idi ikiandama 30 au 31, itanikuta niko kwenye siku zangu bora. Dripu ya pili 3 Aprili. Nikaona kabisa mahali pa kupenyeza mkasi.

Na HER2? Dripu nne za mwanzo haziisubiri. Dawa mbili za dripu hizo nitapewa vyovyote. Jibu linatakiwa kabla ya sehemu ya pili tu.

Nimepimwa urefu na uzito. Sentimita 162, kilo 64. Wanakokotoa eneo la ngozi yangu: mita za mraba 1.7, na dozi inakatwa kwa hiyo. Kama mteja na kitambaa chake! Nimetoka pale nikiwa na moyo mwepesi, nilivyopimwa na kukatiwa ya kwangu.

Ijumaa, 7 Machi

Kuna swali sikuliandika jana. "Mnataka mtoto mwingine?" Dripu zinaweza kuharibu mayai, na nina miaka 38. Baba watoto alikuwa pembeni yangu. Tukaangalia sakafu sote.

Usiku huu kasema, wawili wametosha, mimi nakutaka wewe. Kasema hivyo akiwa anapanga viatu vya watoto mlangoni, hakugeuka. Nilitaka wa tatu. Nilishamchagulia na jina. Siandiki zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Jopo limekaa: wa upasuaji, wa mionzi, wa maabara, na daktari wangu. Wamekubali mpango.

Lakini leo habari ni vidole. Sehemu ya pili kuna dawa mbili za kuchagua. Paklitakseli, kila wiki kwa wiki 12, wengi wanaimudu, ila inaleta ganzi kwenye ncha za vidole na nyayo. Kwa wengine inaondoka baada ya miezi, kwa wengine hubaki. Dositakseli, kila wiki 3, ganzi yake kidogo, lakini seli nyeupe zinaanguka zaidi na kucha zinaharibika. "Sasa unaona kwa nini nilikuuliza kazi."

Nimerudi nikatunga uzi kwenye sindano namba 9. Nikautoa. Nikatunga tena. Kidole gumba na cha shahada ndivyo vinavyosomesha watoto wangu. Vinajua hariri na poliesta gizani.

Kuna na glavu za barafu, unavaa wakati dripu inaingia, mishipa inajikunja, dawa inafika kidogo vidoleni. Tutajaribu. Si lazima niamue leo.

Alhamisi, 13 Machi

Dawa nyekundu wanaisukuma kwa bomba la sindano taratibu, nesi hatoi jicho kwenye mshipa. Ikivuja inaunguza nyama. Nilimtazama usoni muda wote, nikaona haogopi, nikatulia.

Mkojo mwekundu. Walishaniambia, lakini nimeshtuka.

Sifungi. Lazima ninywe maji mengi, dawa ya pili inaumiza kibofu. Nitalipa nikipona, inshallah. Adhana ya magharibi ilipolia nimekaa mkekani na wenzangu hivyo hivyo. Mdogo wangu kanisogezea uji wa pilipili manga kama vile nami nimeshinda na njaa.

Joto likifika 38, hospitali usiku huohuo. Imebandikwa kwenye friji.

Jumamosi, 22 Machi

Mdomo una vidonda. Joto 36.8. Mwanafunzi wangu anashona ukumbini, namkatia kutoka kitandani, mlango wazi, barakoa usoni. Pindo zake zimenyooka kuliko zangu za miaka ile. Nimemwambia. Kanuna kwa haya.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeamka na njaa! Nimekula mihogo ya nazi sahani mbili. Nywele zinabaki kwenye mto, sijali, leo nimetia lesi kwenye madira matatu.

Jumatano, 2 Aprili

Jibu limekuja. HER2 ipo.

Nimelia barabarani, halafu nimecheka, sijui kipi kilitangulia. Kumbe ndiyo saratani kali, lakini yenye dawa yake: trastuzumabu, kila wiki 3, mwaka mzima. Miaka ya nyuma majibu haya yalikuwa habari mbaya tupu. Daktari kaniambia kwenye simu, "Sasa tunajua tunapigana na nani."

Kesho saa 2 asubuhi. Ya kumuuliza:

Trastuzumabu inaanza dripu ya tano au mapema? Eko kila miezi mingapi? Bima inalipa mwaka wote au nusu? Ikikwama katikati inakuwaje?

Nimechagua dositakseli. Kucha zitaota. Nitamwambia mwenyewe, na nitamwambia sababu.