Swapu, na asubuhi niliyoaibika

Leo tuzungumzie swapu, yaani ile sehemu ya diski ambako mfumo endeshi huweka yaliyokosa nafasi kwenye RAM. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka 2007 nilikuwa na tarakilishi moja ya Linux yenye RAM ya MB 512. Usiku mmoja niliiachia kazi nzito ya kuchambua hifadhidata, nikaenda kulala. Programu nyingine zote niliziacha wazi. Asubuhi mteja akaja kuonyeshwa mfumo niliomtengenezea. Nikabofya kivinjari: kimya. Diski ikaanza kukoroma. Nikabofya tena, kana kwamba hilo lingesaidia!

"Kijana, mashine yako bado imelala?"

"Samahani mzee, inaamka sasa hivi."

Mzee alitazama saa mara tatu, akaaga. Kazi akaipeleka kwingine.

Alipoondoka niliandika amri ya free. Kumbe karibu nusu ya RAM ilikuwa tupu! Kazi ya usiku ilikuwa imekwisha kitambo, lakini programu zangu zilikuwa bado kwenye swapu. Hakuna aliyezirudisha.

Mfikirie mwenye duka. Meza ikijaa, hupeleka bidhaa stoo. Hapo hana kosa. Lakini meza ikiwa wazi tena naye amekaa tu, akisubiri mteja aitishe sukari ndipo aifuate, kisha chumvi, kisha kiberiti, huyo atapoteza wateja.

Tupige hesabu. Kumbukumbu hugawanywa katika kurasa za KB 4, kwa hiyo MB 200 ni kurasa 51,200. Diski ya kuzunguka huhitaji kama milisekunde 10 kuufikia ukurasa mmoja, yaani kurasa 100 kwa sekunde. Ukizivuta mojamoja zitakuchukua zaidi ya dakika 8. Linux hujaribu kuvuta 8 kwa mpigo, lakini zilizo jirani kwenye diski si lazima ziwe ndizo unazozihitaji. Diski hiyohiyo ikisoma kwa mfululizo MB 50 kwa sekunde, inamaliza zote kwa sekunde 4.

Dawa ilikuwapo. Con Kolivas, daktari wa nusukaputi wa Australia aliyekuwa akiandika msimbo kama mtu wa kujitolea, alitengeneza kiraka cha kurudisha kurasa kwenye RAM wakati mashine imetulia. Nakala zilibaki kwenye swapu, hivyo RAM ikihitajika ghafla kurasa hizo zilitupwa bila kuandikwa upya. Kiraka hicho hakikuingizwa kwenye kiini rasmi, na mwaka huohuo wa 2007 Kolivas akajiondoa katika kazi ya kiini, akilalamika kwamba watumiaji wa mezani hawasikilizwi. Alirudi mwaka 2009 na kipanga-kazi chake cha BFS, lakini hicho nacho kilibaki nje.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Mac OS X ilianza kubana kumbukumbu mwaka 2013, zram ikaingia kwenye kiini cha Linux mwaka 2014, na Windows 10 ikafuata mwaka 2015. Data iliyobanwa hubaki ndani ya RAM, kwa hiyo safari za kwenda diskini hupungua. Mwaka 2022 Linux 6.1 ilipata njia bora ya kuchagua kurasa za kutoa. Yote hayo ni mazuri, ila shabaha yake kubwa ni namna ya kutoa. Kurudisha mapema, kwenye Linux, bado tunaachiwa wenyewe.

Kama unatumia mashine ya mitumba yenye diski ya kuzunguka, fanya hivi. Kabla ya mgeni kufika, hakikisha RAM iliyo wazi inatosha kubeba kilichoko kwenye swapu, kisha andika, kama msimamizi:

swapoff -a && swapon -a

Kila kitu kitarudi kwenye RAM huku ukipika chai. Mimi hufanya hivyo mpaka leo, hata kwenye mashine yenye SSD. Mzee yule alinifunza.

Tuonane tena, inshallah.