Malaika kwenye Mfuko wa Saruji

Mwaka 1984 karatasi ilikuwa adimu kama sukari. Shuleni daftari moja tuligawana wawili. Kwa hiyo mchoraji alipofika parokiani kwetu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kumchora Malaika Gabrieli ukutani, kitu cha kwanza alichowaomba mafundi wa lipu kilikuwa mifuko mitupu ya saruji. Aliikung'uta vumbi, akaifumua mshono, akatoa tabaka la ndani lililo safi na kulinyoosha kwa pasi ya mkaa.

Tulimwita Mwalimu. Nilikuwa na miaka 11, na kazi yangu ilikuwa kumchongea penseli kwa wembe.

Siku ya kwanza hakuchora malaika. Mpishi wa mapadre alikuwa amechinja jogoo. Mwalimu akaomba bawa moja, akalikunjua mezani, akanionyesha bega, kiwiko na kiganja. "Bawa ni mkono," aliniambia. "Manyoya marefu yameota huku kiganjani, mafupi yanayafunika kama nyasi za paa. Ukimbandika malaika mabawa mgongoni kama mkoba, hataruka." Alichora bawa lile tangu asubuhi hadi kengele ya saa sita.

Uso aliupata kwa dada yangu. Kila jioni dada alipita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, shingo imenyooka. Mwalimu alimwomba mama ruhusa kwanza, ndipo akamsimamisha dada mlangoni pa sakristia, mzigo ungali kichwani. Niliona ni kumtesa bure. Alipomaliza, majani hayakuwemo kwenye mchoro, lakini shingo ilikuwa bado imeyabeba. Sijaona tena malaika mwenye shingo ile.

Katekista mzee hakupendezwa. Malaika gani huyu anayefanana na mtoto wa jirani? Mwalimu alimpa shikamoo, akamketisha, akamsimulia habari za Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesoma Makerere, ambaye katika miaka ya 1950 alichora maisha ya Yesu katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya, na Yesu huyo ni Mwafrika. Mzee aliposikia Marangu, mlima wetu huohuo, alitulia.

Kilichomsumbua Mwalimu ni mkono wa kulia. Aliuchora mara tatu mahali palepale bila kufuta: wa kwanza unaamuru, wa pili unabariki, wa tatu umefunguka tu, kama wa mtu anayepiga hodi kwa binti asiyemjua. Akauchagua huo. Kisha akagawa mchoro kwa miraba ya sentimita 5, na ukutani akapiga miraba ya sentimita 25 kwa uzi uliopakwa chaki. Malaika wa sentimita 40 akawa wa mita 2.

Kanisa lilipopanuliwa, ukuta ule ulibomolewa. Mchoro ninao mimi. Ukutani waumini waliona mkono mmoja. Mimi bado naiona yote mitatu, na kwangu hiyo ndiyo kazi yake bora.

Kama nyumbani au parokiani kwenu umebaki mchoro wa namna hii, nyuma ya kabati au chini ya godoro la babu, uondoe penye unyevu, uulaze kati ya karatasi safi, wala usiukunje.