Timu Yetu ya Plough Lane

Nyinyi wanangu mnaotoana jasho vibandani kwa ajili ya Arsenal na Manchester United, nikiwauliza Wimbledon ni nini mtaniambia tenisi. Siwalaumu. Lakini mimi niliyetoka Unguja kijana na kuota mvi kusini mwa London, kwanza kondakta kisha dereva wa mabasi, hiyo tenisi sikuwahi kuilipia hata peni moja. Ilikuwa ya watu wa mlimani, wavaa kofia za ukili, wenye pesa ya kula stroberi kwa malai. Sisi wa bondeni, kando ya Mto Wandle, tulikuwa na mpira wetu, na mpira wetu ukichezwa Plough Lane.

Uwanja wenyewe usingeutazama mara mbili. Jukwaa moja la maana, mapaa ya bati, ngazi za zege za kusimamia, na jirani yake uwanja wa mbio za mbwa. Wakati naanza kwenda, katikati ya miaka ya sabini, kiingilio cha kusimama hakikufika pauni moja, na chenji ilitosha chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi. Harufu ya pale ninayo mpaka leo: vitunguu vinavyokaangwa kwa mafuta yaliyokwishatumika wiki nzima, tumbaku ya kiko, makoti ya sufu yaliyorowa, na ile supu nyeusi ya nyama waipendayo Waingereza wakati wa baridi. Nyama yao mimi siili, kwa hiyo nilikuwa na sambusa zangu mfukoni. Nilizinunua Tooting kwa Wahindi waliotoka kwetu Afrika Mashariki, ambao baada ya Amin kuwafukuza Uganda mwaka 1972 waliongezeka, na maduka yao yakatuletea mbaazi na mihogo. Mzee mmoja Mwingereza, mwenye pua nyekundu na meno mawili ya mbele yamekwenda zake, alikuwa akisimama karibu nami kila Jumamosi. Hatukuwahi kuulizana majina, lakini sambusa aliijua, na isipokuwepo aliuliza.

Jambo hilo si dogo. Enzi hizo mtu mweusi kwenda mpirani London ilikuwa kujitia majaribuni. Kuna viwanja vikubwa, sitavitaja, ambako nilitemewa mate, na nikawaona watu wazima wenye watoto mabegani wakimrushia mchezaji ndizi. Plough Lane matusi yalikuwepo, nisiwadanganye, ila watu walikuwa wachache na nyuso zinajulikana. Anayekutukana Jumamosi, Jumatatu asubuhi yuko ndani ya basi lako anatafuta chenji, macho ameyatupa dirishani.

Timu yenyewe wakati huo haikuwa hata kwenye Ligi ya taifa. Ilicheza Ligi ya Kusini, na wachezaji walikuwa na kazi zao za mchana. Januari 1975 ikaenda Burnley, timu ya Daraja la Kwanza, ikaitoa kwenye Kombe la FA kwa bao moja, kwao. Raundi iliyofuata ikapangiwa Leeds, mabingwa wa Uingereza. Kipa wetu, Dickie Guy, karani wa bandarini, akaidaka penalti ya Peter Lorimer, ikawa sare bila bao. Mechi ya marudiano ikabidi ichezwe Selhurst Park, kwa kuwa kwetu umati ule usingeenea. Walikuja watu zaidi ya elfu arubaini. Tulifungwa moja, shuti la Johnny Giles lililomgonga Dave Bassett, mchezaji wetu mwenyewe, likabadili njia. Lishikeni hilo jina la Selhurst Park, na la Bassett pia.

Kuingia kwenye Ligi siku zile kulikuwa kwa kura za klabu zenyewe, kama kuingizwa chamani. Mwaka 1977, baada ya kutwaa Ligi ya Kusini mara tatu mfululizo, tukapigiwa kura, na Workington wakatolewa. Miaka ya mwanzo tulikuwa tukipanda na kushuka baina ya Daraja la Nne na la Tatu. Kisha Bassett, ambaye sasa ndiye kocha, akapata dawa. Mabingwa wa Daraja la Nne mwaka 1983, tukapanda tena 1984, na Mei 1986 Lawrie Sanchez akapiga mpira wa adhabu kule Huddersfield, tukaingia Daraja la Kwanza. Miaka tisa tangu kura ile. Septemba ya mwaka huohuo, kwa siku chache, tulikuwa juu ya Liverpool, juu ya Everton, juu ya wote. Niliikata ile safu ya msimamo gazetini nikaibandika garini, karibu na usukani, mpaka msimamizi akaniambia niitoe.

Mpira wenyewe haukuwa mzuri, na anayewaambia ulikuwa mzuri hakuuona. Ulikuwa wa kubutua. Kipa Dave Beasant, pande la mtu, anapiga gozi mpaka linapotelea mawinguni, John Fashanu anaruka na viwiko vyake, na mabeki wa watu wanaokota meno. Vinnie Jones alikuwa kibarua wa ujenzi kabla ya kuja kwetu, na alicheza kama vile bado anadai ujira wake. Magazeti yaliwaita wehu, wao wakalipenda jina. Walichaniana suti, walichomeana viatu, walipiga muziki chumbani mpaka wageni wakaingia uwanjani masikio yanawavuma. Mimi niliyezoea kandanda la chenga kule kwetu Mnazi Mmoja, mara nyingine nilikuwa nikitazama saa. Lakini timu ilikuwa yetu ile, na ilikuwa ikishinda.

Tarehe 14 Mei 1988 nilikuwa Wembley. Jua kali siku hiyo, jua la kwetu kabisa. Watu zaidi ya tisini na nane elfu, na wengi wao wekundu. Liverpool walikuwa wamekwishatwaa ubingwa, walichobakiza ni kuchukua na Kombe waende zao. Peter Beardsley akafunga bao, mwamuzi akalikataa kwa kuwa filimbi ya faulo ilikuwa imelia kabla, na kwa haki ya Mungu pale tulibahatika. Dakika ya 37 Dennis Wise akapiga mpira wa adhabu kutoka kushoto, Sanchez akaugusa kwa kichwa, ukaingia. Kipindi cha pili wakapewa penalti ambayo mpaka leo sioni ilitoka wapi. John Aldridge alikuwa hajakosa hata moja msimu ule. Alikuwa na mtindo wa kusitasita kabla hajapiga, ili kipa aanguke mwanzo. Beasant alingoja. Aldridge akasita, Beasant yuko palepale amesimama kama mlingoti. Ulipopigwa ndipo akajirusha kushoto kwake, akautoa nje kwa kiganja. Fainali ya Kombe la FA pale Wembley haikuwa imewahi kuona penalti ikiokolewa. Dakika za mwisho nazikumbuka vibaya, ila nakumbuka Laurie Cunningham akiingia kutoka benchi, yule kijana mweusi aliyefika mpaka Real Madrid, na mwaka mmoja baadaye akafa kwa ajali ya gari hukohuko Madrid. Binti mfalme Diana akamkabidhi Beasant kombe. Kuchezea Ulaya hatukupata, maana klabu za Kiingereza zilikuwa zimefungiwa tangu maafa ya uwanja wa Heysel, na adhabu ya wengine tukaila sisi.

Watu wakisimulia kuanguka kwa Wimbledon huanzia mwaka 2000. Mimi naanzia 1991. Baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough serikali ilitaka viwanja vikubwa viwe vya kukaa pote, na wenye klabu wakasema Plough Lane haufai kutengenezwa. Tukahamia Selhurst Park, kwa Crystal Palace, wapangaji. Kwa muda tu, tuliambiwa. Kutoka kwangu ilikuwa mabasi mawili na foleni, na ukifika viti si vyako, rangi ya ukuta si yako, hata muuza chai hakujui. Yule mzee wa sambusa alikuja mara chache, kisha simuoni. Uwanjani tulikuwa tukifanya vizuri, kocha Joe Kinnear akitupeleka nafasi ya sita mwaka 1994, na ndiyo maana wengi hawakuona kitu. Timu ilikuwa inashinda huku nyumba imefungwa kwa kufuli. Sam Hammam, tajiri wa Kilebanoni aliyekuwa na klabu, akauza sehemu kubwa kwa Wanorwei mwaka 1997, na kile kiwanja cha Plough Lane kikauzwa kwa duka kubwa la vyakula, kisha zikajengwa fleti.

Tarehe 14 Mei 2000 tulishuka daraja, Southampton, miaka kumi na miwili kamili tangu lile Kombe. Miaka miwili baadaye, Mei 2002, tume ya watu watatu, wawili kwa mmoja, ikaruhusu klabu ihamishiwe Milton Keynes, mji mwingine kabisa, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa gari. Mashabiki walipozungumzia kuanza upya, maandishi ya tume yakasema jambo hilo halina maslahi kwa mpira kwa jumla. Msimu uliofuata, Selhurst Park kuna mechi watu hawakufika elfu moja.

Mashabiki wakaanza upya hivyohivyo, kwa klabu yao wenyewe. Juni ileile walitangaza majaribio pale Wimbledon Common, uwanja wa wazi wa kutembezea mbwa, wakaja vijana zaidi ya mia mbili: wapaka rangi, wanafunzi, mmoja au wawili vitambi vimetangulia. Mimi nilikwenda na thermosi yangu ya chai. Mechi ya kwanza, kule Sutton, walifungwa manne, na watu zaidi ya elfu nne waliimba mpaka mwisho kama tumeshinda. Mwaka 2011 wakapanda kurudi kwenye Ligi kwa penalti dhidi ya Luton, na rais wao alikuwa yuleyule Dickie Guy, karani wa bandarini.

Wale wa Milton Keynes mwaka 2007 walirudisha kumbukumbu na nakala ya Kombe kwa halmashauri yetu ya Merton, nawapa haki yao. Mwaka 2018 wao walishuka na sisi tukabaki daraja la juu yao. Novemba 2020 tukarudi Plough Lane, safari hii pale palipokuwa pakikimbizwa mbwa. Siku ya ufunguzi hakuingia shabiki kwa sababu ya korona, na tukatoka sare mbili mbili na Doncaster. Tumeshuka tena 2022, tumepanda tena 2025. Kiingilio sasa ni cha kumfanya mtu avue kofia, lakini wazee tunapunguziwa, na kituo cha basi kiko karibu. Mkija London nitawapeleka. Sambusa mtanunua nyinyi.