Kuandikia Mdomo Mpya

Jumatano, 11 Februari 2015

Jon Stewart anaondoka. Ametangaza mwenyewe jana, mbele ya hadhira yake, kwamba mwaka huu ataiacha The Daily Show, baada ya miaka kumi na sita. Ofisini kwetu hakuna aliyegusa kazi hadi saa tano. Sisi tunaoandika vichekesho vya siasa hapa Nairobi tumemtazama mtu huyu kama fundi mwashi anavyotazama nyumba ya jirani ikijengwa: hatusifu tu, tunahesabu mawe. Wenzangu wengine walilelewa na Redykyulass, wale vijana waliomwiga Moi angali Ikulu. Mimi nilijifunza kazi kwa kunakili vipande vya Stewart daftarini, mstari kwa mstari, nikitia alama nyekundu kila hadhira inapocheka. Alama haziko pale mtu anapodhania. Mara nyingi watu hucheka wakati amenyamaza na kuitazama kamera.

Mzee wetu, ambaye sura yake ndiyo kipindi chetu, alisema tu, "Naye kachoka." Kisha akatoka nje kupokea simu. Siku hizi anatoka sana kupokea simu.

Jumanne, 31 Machi

Trevor Noah! Kijana wa Johannesburg, miaka 31. Comedy Central, wenye kipindi, wametangaza jana kwamba ndiye atakayemrithi Stewart. Kwenye kipindi chenyewe ameonekana mara tatu tu tangu Desemba. Ile ya kwanza niliiona: alimwonyesha Stewart picha, akamtaka akisie ipi ni Afrika na ipi ni Marekani, na Stewart akawa anakisia vibaya, kwa kuwa zile barabara zilizochakaa ndizo za kwao. Utani mwepesi, lakini angalia alikosimama: hakuja kuomba msamaha kwa bara zima, wala hakuja kukaripia.

Mtayarishaji kaagiza soda za watu wote. Tunashangilia kana kwamba mtoto wa shangazi kapata kazi benki.

Magazeti ya huko yanasema hajulikani. Hajulikani na nani? Mwaka 2010 alikuwa na kipindi chake cha usiku M-Net, mwaka 2012 akasimama jukwaani kwa Jay Leno. Na wanasahau kwamba Stewart mwenyewe ni mrithi. Alikalia kiti hicho Januari 1999, kikiwa bado na joto la Craig Kilborn, na enzi hizo kipindi kilicheka zaidi watu mashuhuri na visa vya ajabu kuliko Bunge lao. Kilborn aliondoka hata na mchezo wake wa maswali matano, akaenda nao kazi mpya.

Jumatano, 1 Aprili

Furaha ya jana haikulala. Wamefukua maandishi yake ya zamani Twitter: utani juu ya Wayahudi, utani juu ya wanawake wanene. Mengine yanaudhi, na karibu yote hayachekeshi, ambalo kwa mtu wa kazi yetu ndilo kosa la pili. Amejibu kwamba si haki kumpima mtu kwa vichekesho vichache vilivyoanguka. Waajiri wake wamesimama naye.

Mchana Mzee alimwita kijana wa kompyuta, akamwambia aipitie akaunti yake yote tangu 2009 na kufuta "vitu vya kitoto". Nikaandika hapa ili nisisahau: mtu anayebaki nyumbani hafagii njia ya kwenda barabarani.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Garissa, chuo kikuu, wameuawa 148. Karibu wote wanafunzi. Wiki hii hakuna kipindi na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Jumamosi, 20 Juni

Nimetazama Stewart wa Alhamisi, usiku wa baada ya mauaji ya Charleston, watu tisa waliouawa kanisani wakiwa kwenye mafunzo ya Biblia. Aliingia akasema hana kichekesho. Akaeleza kwamba kazi yake ilikuwa kuandika vichekesho siku ile na hakuvipata, kisha akaongea tu, kwa huzuni na hasira, kuhusu nchi inayotazama jeraha lake na kukataa kuliita jina lake.

Nilikumbuka Aprili yetu. Sisi tulinyamaza, yeye alinyamaza mbele ya kamera, na hivyo ni vitu viwili. Kuruhusiwa kukaa kwenye kiti cha uchekeshaji bila kuchekesha kunachukua miaka kumi na sita. Trevor hataweza mwaka wa kwanza. Hadhira itamuuliza, wewe ni nani wa kutuhuzunikia?

Hapa ndipo ninapoanza kuona tatizo la kurithi kiti. Si vichekesho. Waandishi na watayarishaji wengi wa Stewart wanabaki, vichekesho vitakuwapo asubuhi mezani kama kawaida. Lakini hasira ya Stewart ni ya mwenye nyumba aliyeamka akakuta bomba limepasuka. Utamwandikiaje hiyo mtu aliyeingia juzi na sanduku?

Alhamisi, 23 Julai

Mji umepigwa rangi. Kesho Obama anaingia, na nyasi zimepandwa barabarani usiku, kwa hiyo kila mchekeshaji Nairobi ana utani uleule wa nyasi. CNN nao wamesema anakuja kwenye kitovu cha ugaidi, na mtandao wote wa Kenya umewashukia. Juzi usiku huyohuyo Obama alikuwa kwa Stewart, kuagana. Rais wa nchi anaenda kumuaga mchekeshaji kabla ya kupanda ndege kuja kwa nyanya yake. Jaribu kumweleza waziri wetu yeyote jambo hilo.

Na Mzee kasema leo, rasmi. Anaacha kipindi mwisho wa mwezi ujao. Anautaka ubunge 2017. "Niwaandikie vichekesho vingapi kabla sijawa mmoja wao?" alisema, na sote tukacheka, hata mimi ninayejua kwamba hajawahi kuandika hata kimoja.

Jumamosi, 8 Agosti

Stewart amemaliza juzi. Wote aliowalea walirudi, mmoja baada ya mwingine. Colbert ndiye aliyeharibu mpango: Stewart hakutaka kushukuriwa, akajaribu kuzungusha kiti akimbie, Colbert akamshika na kumshukuru kwa nguvu. Mtu huyo naye mwezi ujao anakalia kiti cha David Letterman. Msimu wa kuhama nyumba.

Kabla Bruce Springsteen hajapiga, Stewart alitoa hotuba juu ya porojo na uongo unaovishwa nguo safi, akiwahimiza watu wanaponusa waseme. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa pia ndefu, na ingekuwa mimi ningekata aya ya kati. (Hakuna aliyeniuliza.)

Jumatano, 26 Agosti

Tumewasikiliza watu kadhaa kwa kiti cha Mzee. Wanaume wote walimwiga Mzee. Walikuja na koti lake, kikohozi chake, hata namna yake ya kugonga meza. Wa mwisho alikuwa dada mmoja wa Nakuru anayechekesha kwenye harusi. Nilimpa skripti niliyoiandika kwa ajili ya majaribio: kipande cha ule mkataba wa sukari ya Uganda, ambao wanasiasa wamepigania mwezi mzima. Nilijivunia kipande hicho.

Alisoma vizuri na hakuna aliyecheka. Akaniletea karatasi. "Mzee," akaniambia, na hapo nikajua kwamba sasa Mzee ni mimi, "haya maneno yamekasirika. Mimi sijakasirika. Mimi nashangaa."

Mtayarishaji amemchagua. Sijalala vizuri.

Jumanne, 29 Septemba

Usiku wa New York ni alfajiri yetu. Saa tano ya usiku yao ni saa kumi na mbili ya asubuhi hapa, kwa hiyo kipindi cha kulalia cha Wamarekani sisi tungekitazama na chai. Mimi nilisubiri vipande mtandaoni hadi jioni, tukavitazama ofisini, yule dada akiwa na kalamu mkononi.

Trevor alianza kwa kukiri jambo ambalo kila mtu alikuwa analiwaza. Akasema alipokuwa akikulia kwenye vumbi la Afrika Kusini hakuota vitu viwili, choo cha ndani na kazi hii, na kwamba amevipata vyote na kimojawapo ameshakizoea. Kisha: wanawake walikataa kazi hii, Wamarekani wakaikataa, basi kwa mara nyingine kazi waliyoikataa Wamarekani inafanywa na mhamiaji. Nikanakili huo wa pili daftarini. Hauna tusi kwa mtu yeyote, na bado umegusa siasa nzima ya mwaka huu kwao.

Zilizobaki zilikwenda nusu kwa nusu. Papa Francis ametoka tu kuwatembelea, Boehner katangaza kujiuzulu uspika, kulikuwa na nyama ya kutosha. Kwa Boehner nilisikia mwandishi wa Stewart akiandika kwa mkono wa Stewart, na Trevor akiyavaa maneno yale kana kwamba yana lebo shingoni. Roy Wood Jr. wa timu yake ndiye aliyefufua chumba: NASA walikuwa wametangaza siku hiyohiyo dalili za maji Mars, naye akauliza ni mtu gani mweusi atakayeruhusiwa kufika huko, ikiwa hapa duniani tu hawezi kupanda teksi. Kevin Hart alikuwa mgeni, akaja na zawadi ya tai.

Dada wa Nakuru alikuwa ameandika neno moja tu kwenye karatasi yake. "Kashangaa."

Jumapili, 4 Oktoba

Wamelipata! Wiki ya kwanza tu. Trevor kasema Donald Trump anamkumbusha nyumbani, kwamba Marekani inakaribia kupata rais wa Kiafrika. Kisha klipu, upande kwa upande: Trump na Zuma, Trump na Jammeh, na Gaddafi, na Mugabe. Na Amin. Majivuno yaleyale, ahadi zilezile, na uhakika uleule wa kupendwa na watu.

Stewart asingeweza kuandika hiki hata angeishi miaka mia. Angemkasirikia Trump kama aibu mpya ya nchi yake. Trevor hakukasirika hata chembe, alitabasamu kama mtu aliyemwona jirani wa zamani uwanja wa ndege. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ingawa sijui kama huyu mwenyeji anataka dawa.

Mhariri wetu wa picha ni Mganda. Sote tuliangua kicheko Amin alipotokea, yeye akachelewa, akacheka baadaye, akasema, "Familia yetu ilivuka Busia usiku kwa sababu ya huyu." Akairudisha klipu mwanzo, akaitazama tena, na safari hii akacheka kuliko sisi.

Jumatano, 21 Oktoba

Dada yangu wa New Jersey kaenda studio kutazama. Tiketi ni za bure, unapanga foleni Eleventh Avenue na kusubiri. Anasema kwanza huja mchekeshaji wa kupasha watu joto, kisha Trevor mwenyewe hutoka na kujibu maswali kabla ya kamera kuwashwa, na kwamba hapo ndipo alipokuwa bora: hana karatasi, anaruka kutoka lafudhi hadi lafudhi. "Wakiwasha kamera anapungua kidogo," kasema dada. Yeye ni muuguzi, lakini hiyo ndiyo tathmini bora niliyosoma mwaka huu.

Nimemwambia mtayarishaji tuanze kuandika kwa kumrekodi dada wa Nakuru akipiga soga. Ananiuliza basi waandishi wanalipwa kwa nini.

Jumamosi, 28 Novemba

Papa alikuja, mvua ikaja naye, Alhamisi ikawa sikukuu. Jana asubuhi Kasarani, mbele ya vijana, Rais akiwa amekaa palepale, akasema ufisadi ni kama sukari: mtamu, tunaupenda, ni rahisi. Sukari! Mwaka huu! Niliandika mistari mitano katika safari moja ya matatu, yote na mkataba wa Uganda ndani, na magendo, na majina.

Dada wa Nakuru aliisoma kwa heshima, akaikunja, akaiweka mfukoni. Jioni tulipokuwa tukirekodi alisimama mbele ya hadhira bila karatasi. Akasema kwao Nakuru sukari hufungiwa kabatini, na ufunguo anao mama. Akanyamaza. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua: serikalini ufunguo anao nani? Akafikiri. "Anao yule mtoto anayelamba."

Watu walicheka kabla hajafika mwisho wa neno.

Mzee wa zamani alikuwepo, amekaa safu ya nyuma na koti la kisiasa. Leo asubuhi ameniletea ujumbe: je, anaweza kutumia ile ya ufunguo kwenye harambee Jumapili? Nimemjibu kwamba si yangu, amwombe mwenyewe. Saa hizi ni saa nne usiku na dada anasema hajamwomba.