Neli za Kaboni, Plazimoni na Uteuzi wa Vitenzi

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mwaka uliofuata, Sumio Iijima wa Japani alieleza katika jarida la Nature neli za kaboni, ambazo kipenyo chake hupimwa kwa nanomita. Kamusi yetu, basi, haikuweza kuwa na jina la kitu hicho. Silitaji jambo hili kwa kuilaumu kamusi, bali kwa kuwa laonyesha ukubwa wa kazi iliyo mbele yetu.

Baadhi ya neli hizo ni nusukipitishi. Mwaka 2003 watafiti wa IBM walionyesha kwamba neli moja ikipitishiwa umeme huweza kutoa nuru: elektroni huingia kwa ncha moja, matundu kwa ncha ya pili, na yakutanapo nuru hutoka. Nuru hiyo ya infraredi haionekani kwa macho, tena ni hafifu. Ndipo metali huhitajiwa. Elektroni zilizo usoni mwa dhahabu au fedha huweza kuyumba kwa pamoja. Myumbo huo, yaani plazimoni, huibana nuru katika nafasi ndogo kuliko urefu wa wimbi lake, na huihimiza neli itoe nuru upesi zaidi, kabla nishati haijapotea kwa njia nyingine.

Ni rahisi kuandika kwamba metali "hukuza" nuru. Kwa maoni yangu, kitenzi hicho hakifai hapa. Kikuza sauti huongeza nishati itokayo kwenye umeme. Plazimoni haiongezi nishati yoyote. Hubadili kasi na mwelekeo wa utoaji tu. Zaidi ya hayo, neli ikikaribia metali kupita kiasi, metali huimeza nuru na kuigeuza joto. Mwanafunzi aliyefundishwa "kukuza" ataushangaa ukweli huo. Aliyefundishwa "kuhimiza" na "kumeza" ataona kwamba kila kifaa cha namna hii ni suala la kupima umbali.

Mjadala wetu wa istilahi umeelemea mno kwenye nomino. Nomino "plazimoni" yaweza kukopwa bila hasara. Vitenzi tunavyo tele, na ndivyo vibebavyo maelezo ya sayansi. Tukivichagua kwa uzembe, tutakuwa tumefundisha fizikia isiyo ya kweli kwa Kiswahili fasaha.