Chombo Kidogo cha Nyimbo

Chombo tunachotaka kuwapasha habari zake hakizidi kibiriti kwa ukubwa. Kina vifungo vitano, kioo kidogo chenye mwanga wa buluu, tundu la waya wa masikioni, tundu la umeme, na ubavuni ufa mwembamba wa kupokea karte, yaani kile kibati cheusi kama ukucha kinachotunza sauti. Hakipigi simu, hakionyeshi picha, hakijui intaneti. Kinaimba tu, tena ukikishikisha mawimbi, kinakupa habari za redio. Tulikinunua Birere, mjini Goma, mwaka 2022, kwa dola 9, baada ya kuombwa 15. Mwuzaji alitutazama kama mtu atazamaye mteja aliyekuja kuuliza gramafoni. “Mwalimu,” akasema, “siku hizi watu wanasikiliza katika simu.”

Nasi tunayo simu. Lakini simu ya katekista si mali yake peke yake. Mgonjwa akizidiwa usiku, jamaa zake hupiga simu hiyo. Padri akichelewa njiani, hupiga simu hiyo. Je, tuimalize kwa nyimbo mchana, halafu usiku ilale imekufa? Tena simu ya kioo kipana huvuta macho ya watu wasio wema, na barabara zetu wasomaji mnazijua. Chombo cha dola 9 hakimtamanishi mtu. Mara moja tulisimamishwa njiani, mifuko ikapekuliwa yote, na kile chombo tukarudishiwa kwa kicheko. Hatukuona haya hata kidogo.

Labda utauliza: nyimbo mia tano zinaingiaje katika kibati kama ukucha? Hapa pana akili ya ajabu, nasi tutaieleza kadiri tuliyoielewa. Wimbo wa dakika 4 ukiandikwa mzima, kama ulivyo katika sahani ya CD, unataka nafasi ya megabaiti 40 na zaidi kidogo. Ukiandikwa kwa namna ile iitwayo MP3, kwa kipimo cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde, unatosheka na 4 tu. Zile nyingine zimekwenda wapi? Zimetupwa. Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen, na kati yao Karlheinz Brandenburg, walifanya kazi miaka mingi juu ya jambo moja: sikio la mtu halisikii yote yanayolifikia. Mpiga ngoma apigapo kwa nguvu, mtu anayenong’ona karibu naye hasikiki, ingawa mnong’ono upo. Basi mashine hupima ni sauti zipi zimefunikwa na nyingine, ikaziacha, ikaandika zile tu ambazo sikio litazitafuta. Brandenburg alijipima kwa wimbo “Tom’s Diner” wa Suzanne Vega, mwanamke aimbaye peke yake bila chombo chochote, kwa sababu sauti tupu ya mtu ndiyo inayoharibika upesi mashine ikikosea. Jina la MP3 lilichaguliwa mwaka 1995. Vyombo vya kwanza vya mfukoni vilitoka Korea ya Kusini mwaka 1998, na mwaka 2001 kampuni ya Apple ya Marekani ikatoa iPod yake iliyosifiwa duniani kote. Mwaka 2022 Apple wakaacha kuitengeneza. Wakubwa wamekwisha kuacha, na sisi wa Shasha ndiyo kwanza tunafaidi. Si mara ya kwanza.

Watu husema kila chombo cha umeme duniani kina jiwe la Rubaya ndani yake, yaani koltani ya Masisi yetu. Si sawa kabisa. Koltani hutoa madini ya tantali, nayo hutumika hasa katika vijisehemu vya kushika umeme ndani ya simu nzuri, kompyuta na mitambo mingine. Vyombo vya bei rahisi mara nyingi hutengenezwa kwa vijisehemu vya namna ya udongo wa kauri, ambavyo ni rahisi zaidi. Kwa hiyo yawezekana sana kwamba chetu hakina hata punje ya jasho la Masisi. Yule kijana anayetoka mashimoni Rubaya na tope magotini, akinunua chombo kama hiki, ananunua kile ambacho jiwe lake halikutosha kuingia. Tuliwaza hivyo siku nyingi, wala hatukupata la kumwambia.

Sasa maneno ya matumizi, maana wengi wametuuliza. Jihadharini na karte za uongo. Huandikwa juu yake gigabaiti 32 au 64, kumbe ndani ni 4. Karte ya namna hiyo haikatai kitu. Unaijaza nayo inanyamaza, halafu nyimbo za mwisho hazilii, au zinazifuta za kwanza. Kabla ya kutoa pesa, mwombe mwuzaji aijaze mpaka juu, kisha usikilize wimbo wa mwisho na wa katikati. Akikasirika, umekwisha kupata jibu. Betri yake ni ndogo, ya lithiamu, nayo inachukia joto; usiiache juani pamoja na pano. Nyumbani kwetu hakuna waya wa umeme. Tunaanika pano juu ya mabati asubuhi, tunajaza kwanza betri kubwa ya taa, na jioni ile betri kubwa inalisha ndogo. Mvua za Septemba zikianza, tunapanga kama watu wa njaa: saa moja ya nyimbo kwa siku, na Dominika hakuna kusikiliza redio.

Jambo jingine ni ekuteri, zile nyuzi za masikioni. Shirika la Afya Ulimwenguni limeonya kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa juma, na vijana wetu huipandisha mpaka jirani asikie. Lakini linalotukera zaidi ni motari mwenye ekuteri masikio yote mawili, abiria wawili nyuma, akishuka mlima kuelekea Sake. Lori linampigia honi, naye anatikisa kichwa kwa kufuata ngoma! Kijana wa namna hiyo hatumpandii, hata kama mvua inanyesha.

Basi tuje kwenye lile lililotufanya tuandike. Chombo chetu kina kitundu cha kurekodia, kidogo kama jicho la sindano. Mwaka 2023 tulirekodi kwacho kwaya ya kituo chetu, nyimbo 31, Dominika baada ya Dominika, baada ya ibada. Tulikining’iniza katika mti wa parachichi, maana ndani ya kanisa mabati hurudisha sauti vibaya. Si kazi ya kifundi. Kuku wanasikika, mtoto anakohoa, na katika wimbo mmoja injini ya mashua inapita ziwani tangu mwanzo mpaka mwisho. Tulipokuwa seminarini tulisoma habari za Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na gari lililopakia mashine za kunasa sauti na jenereta yake; ndiye aliyemrekodi Mwenda Jean Bosco na gitaa lake huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Tulisoma pia habari za Padri Guido Haazen na Missa Luba yake, iliyoimbwa na kwaya ya Kamina na kurekodiwa mwaka 1958. Hatujilinganishi nao. Tunasema tu kwamba kazi iliyotaka gari zima, leo inaingia katika mfuko wa shati, na kuku wake.

Mwezi wa Februari 2024 vita vilifika Shasha. Barabara kuu ya Goma na Bukavu, ipitayo Sake na Minova, ikakatika hapa hapa kwetu. Watu wakasambaa: wengine Minova, wengine kambi za Goma, wengine wakavuka ziwa kwenda Idjwi. Safari zikawa za mashua, nanyi mnakumbuka ile iliyozama karibu na Kituku tarehe 3 Oktoba 2024, ikitoka Minova na watu wengi mno. Januari 2025 vita vilichukua Minova, Sake na Goma kwa siku chache. Tulipokusanyika tena kituoni, waimbaji waliokuwa 26 tuliwahesabu 9. Mama mmoja, kiongozi wa sauti ya pili, alikuwa amekufa kambini kwa kipindupindu. Chombo kilikuwa kimesafiri nasi ndani ya soksi, na karte yake ndani ya kitabu cha sala.

Dominika ya pili baada ya kurudi, mzee mmoja wa shirika alitujia kabla ya ibada. Padri hakuwapo; sisi ndio tuliokuwa tuongoze. Akasema: “Mwalimu, weka chombo chako mbele ya kipaza sauti. Acha kwaya yetu iimbe.” Wengine wakaitikia, na akina mama wawili wakaanza kulia. Tukajibu kwamba ndani ya ibada hatutaweka. Mzee akauliza: “Sauti ya marehemu yule si sauti ya Mkristu? Kitu gani kinakatazwa?”

Swali lake si la kijinga, na jibu halikututoka upesi. Mwaka 1958 Roma ilitoa maagizo juu ya muziki mtakatifu, ikakataza santuri, redio na mashine za kunasa sauti zisishike nafasi ya waimbaji katika ibada, wala hata kuwasaidia. Maagizo hayo hayo yaliruhusu mashine hizo kwa kuwafundisha waamini dini na nyimbo. Baadaye, mwaka 1973, mwongozo wa Misa za watoto ulilegeza kidogo, ukaruhusu muziki wa mashine katika Misa hizo kwa kufuata kanuni za Maaskofu. Hayo tulimweleza mzee. Lakini sababu yetu mwenyewe ilikuwa nyingine, nayo tulimwambia wazi: wale 9 walikuwa wamesimama pale, wameshika vitabu, wengine wametembea saa mbili. Chombo kikiimba kwa sauti 26, wao watafanya nini? Watanyamaza. Na Dominika itakayofuata hawatakuja, kwa kuwa chombo kinaimba vizuri kuliko wao. Tumeona vituo ambavyo mashine ilianza hivyo hivyo kwa huruma, na leo watu husimama kimya kama wasubirio basi.

Wale 9 wakaimba. Waliimba vibaya, hatutaficha. Sauti ya pili haikuwako kabisa, na mahali pake palisikika kama jino lililong’oka.

Baada ya ibada tulikipeleka chombo chini ya mti wa parachichi, tukakifunga kwenye kipaza sauti, tukacheza nyimbo zote 31. Hakuna aliyeondoka mpaka jua lilipoelekea milima. Binti wa yule mama marehemu aliomba wimbo mmoja urudiwe mara tatu, kisha akauliza kama sauti ya mama yake yaweza kutolewa peke yake, iwe mbali na nyingine. Tulimwambia haiwezekani kwa chombo hiki. Zimekwisha kuchanganyika kama maziwa na chai. Akasema, “Basi, nitamtafuta mwenyewe,” akaomba ekuteri.

Mzee yule hakukubaliana nasi siku ile, wala leo hajakubali. Tunasalimiana vizuri, lakini kila tukikutana hutuuliza kama tumeandikiwa barua nyingine na Roma.

Tangu hapo chombo kimekuwa mwalimu wa kwaya. Kina kifungo kimoja ambacho wengi hawakijui, chenye herufi A na B. Ukikibonyeza mwanzo wa kipande cha wimbo, kisha ukibonyeza tena mwisho wake, kinarudia kipande hicho hicho bila kuchoka mpaka umwamuru kuacha. Hakuna mwalimu wa binadamu mwenye uvumilivu huo. Kwa njia hiyo binti yule alijifunza sauti ya pili katika majuma sita, mstari kwa mstari, akimfuata mama yake chini ya sauti za wengine. Seminarini tulifundishwa kusoma nota, na nyimbo zetu chache tumeziandika. Lakini namna mama yule alivyokuwa akivuta neno la mwisho kabla ya kuliachia, hiyo nota haiiandiki.

Karte tumeinakili mara nne. Moja iko Idjwi, moja Bukavu, moja kwa padri, na moja ndani ya kopo la maziwa ya unga, mahali ambapo hatutapataja hapa. Mwenzetu wa Idjwi alituma habari kwamba waimbaji wetu walioko kule hukutana Alhamisi na kuzipitia nyimbo zile zile, ili wakirudi wasiwe wageni.

Sauti ya nne bado haijapata mtu. Mwenye sauti hiyo yu hai, lakini yuko mbali, na kurudi kwake hakujulikani. Yuko mvulana mmoja ambaye sauti yake imevunjika mwaka huu. Inapanda na kushuka bila ruhusa yake, na wenzake wanamcheka. Kila jioni huja kuazima chombo, hukaa juu ya jiwe lililo kando ya ziwa, na kurudia kipande kimoja cha wimbo wa Pasaka, kile chenye injini ya mashua. Jana tulimsikia amefika chini kabisa, akakaa huko hesabu nne nzima, kabla ya sauti kumponyoka tena.